Lincoln alipomtetea mwenye watumwa: kesi za wakili zihesabiwe anapoomba kura?

Mleta mada, Morogoro

Wadau, heshima zenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina jambo limenikaa moyoni tangu nikiwa binti wa miaka kumi na minne. Baba alipofariki, ndugu mmoja wa ukoo alimpeleka mama mahakamani akidai kiwanja chetu. Wakili wake alikuwa mtu wa mjini kwetu, msomi, mwenye salamu nzuri kwa kila mtu. Siku ya kesi alimhoji mama mpaka mama akasahau hata mwaka aliofunga ndoa. Tulipoteza nusu ya kiwanja. Miaka michache baadaye wakili yule yule alipita mtaani akiomba kura za udiwani. Mama alipomkumbusha, akajibu kwa upole kabisa: "Ile ilikuwa kazi, mama."

Simtaji, wala sina kisasi naye. Ila jibu lake ndilo naomba tulijadili. Wakili akiingia kwenye siasa, kesi alizosimamia tumhesabie, au tukubali kwamba ilikuwa kazi tu na yamekwisha?

Ili tusianze kurushiana majina ya wanasiasa wetu, nimechagua mtu wa mbali: Abraham Lincoln, wakili aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na kesi yake moja ya mwaka 1847.

Lincoln alizaliwa mwaka 1809 huko Kentucky, kwenye kibanda cha magogo. Wazazi wake walihamia Indiana mwaka 1816, kisha Illinois mwaka 1830. Illinois ya siku hizo ilikuwa ukingoni mwa makazi ya wahamiaji wa kizungu: nyasi ndefu, njia za matope, na mji mtu anausikia leo kesho umehama. Shuleni alikaa jumla ya muda usiofika mwaka mmoja. Pale kijijini New Salem aliuza duka, akasimamia posta, akapima ardhi, na usiku akajisomea vitabu vya sheria vya kuazima. Mwaka 1834 alichaguliwa kwenye bunge la jimbo, mwaka 1836 akapata leseni ya uwakili, na mwaka 1837 akahamia Springfield.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuzunguka. Jaji alitoka wilaya moja kwenda nyingine akifungua vikao, na mawakili walimfuata kwa farasi. Walilala wawili wawili kitanda kimoja kwenye nyumba za wageni, na wateja wakawapata mlangoni pa mahakama asubuhi ya kesi. Kulikuwa na kesi za ng'ombe waliopotea, madeni, talaka, kashfa, mipaka ya mashamba na mauaji. Ada ilikuwa dola tano, kumi, ishirini. Yeye na washirika wake walishika kesi zaidi ya elfu tano katika maisha yake ya uwakili. Nalisema hili kwa sababu ndiyo ngazi aliyopandia. Kila mji aliosimamia kesi ulibaki na watu wanaolijua jina lake, na watu hao hao ndio waliokuwa wapiga kura. Mwaka 1846 walimchagua kwenda Kongresi ya Marekani. Kabla hajaondoka kwenda Washington, Oktoba 1847, akasimama mahakamani mjini Charleston, wilaya ya Coles.

Illinois ilihesabika jimbo huru. Sheria ya mwaka 1787 ya maeneo ya kaskazini-magharibi ilikataza utumwa, na katiba ya jimbo ya 1818 nayo ikaukataza, ingawa iliacha mianya. Robert Matson, mwenye mali kutoka Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa, alikuwa na shamba Coles. Alikuwa akivusha watumwa kuja kulima na kuvuna, kisha akiwarudisha Kentucky kabla kukaa kwao hakujawapa dai la uhuru. Aliyebaki ni msimamizi wake, Anthony Bryant, ambaye kwa kukaa kwake kule alihesabiwa mtu huru. Mke wake, Jane, na watoto wao wanne hawakuhesabiwa hivyo, ingawa Jane naye alikuwa amekaa pale miaka kama miwili.

Mwaka 1847 mwanamke aliyetunza nyumba ya Matson alimkasirikia Jane na kumtishia kwamba atarudishwa Kentucky na kuuzwa kusini, yeye na wanawe. Usiku Anthony akawachukua akakimbilia kijiji cha jirani, kwa Gideon Ashmore mwenye nyumba ya wageni na daktari kijana aitwaye Hiram Rutherford. Matson akaenda mahakamani. Jane na watoto wakawekwa jela ya Charleston kama watoro, siku 48. Juu ya hayo Matson akamdai Rutherford fidia ya dola 2,500, yaani dola 500 kwa kila kichwa.

Rutherford alimjua Lincoln na aliamini wako upande mmoja juu ya utumwa, kwa hiyo akamwendea. Kwa simulizi ya Rutherford mwenyewe uzeeni, Lincoln alimsikiliza kwa huzuni, kisha akamwambia kwamba ameshakubaliana na upande wa Matson kupitia wakili Usher Linder. Baadaye akatuma ujumbe kwamba anaweza kujitoa huko amsimamie. Rutherford alikuwa ameshaumia moyo, akakataa.

Kesi ikasikilizwa na majaji William Wilson na Samuel Treat. Orlando Ficklin na Charles Constable walisimama kwa ajili ya akina Bryant. Lincoln akasimama na Linder kwa ajili ya Matson, akajenga hoja kwamba Jane na wanawe hawakuwa wakazi wa Illinois bali vibarua wa msimu, na nia ya bwana wao ilikuwa kuwarudisha. Majaji hawakukubali. Jane na watoto wakatangazwa huru.

Kwangu mimi Lincoln anahukumika kwa kesi hii. Simfuti kwenye historia, na sisemi kwamba yote aliyofanya baadaye ni bure. Nasema alikuwa na nafasi ya kukataa na hakukataa. Naomba michango yenu.

Wakili, Arusha

Dada, pole sana kwa yaliyomkuta mama. Mimi nimo kwenye kazi hii mwaka wa kumi na tisa, kwa hiyo ujue nasemea nilipo.

Ukianza kumhesabia wakili dhambi za mteja wake, watakaokosa wakili kwanza si akina Matson. Matson ana fedha na atampata mtu tu. Atakayekosa ni kijana anayetuhumiwa ubakaji mtaani, ambaye kila mtu ameshamhukumu, na wakili atajiuliza: nikimsimamia huyu, kesho nikigombea udiwani wataninyima kura? Nimewahi kusimamia watu ambao hata kuwapa mkono nilijilazimisha. Mmoja wao alikuja kuonekana hana hatia. Ningewachuja kwa moyo wangu, huyo angekuwa gerezani leo.

Pili, Jane alishinda baada ya upande wa Matson kusikilizwa na kushindwa hadharani. Majaji walisikia hoja nzito kabisa ambayo mwenye watumwa angeweza kuileta, kutoka kwa mmoja wa mawakili bora wa Illinois, wakaikataa. Uhuru uliopatikana hivyo una mizizi.

Tatu, na hili sijaona watu wakilisema. Wengi husoma habari ya Rutherford wakafurahi kwamba angalau Lincoln alitaka kujitoa. Mimi kama wakili ndipo ninaposhtuka. Mtu ameshaingia makubaliano na mteja, huenda ameshasikia siri zake, halafu anatuma ujumbe kwa upande wa pili kwamba yuko tayari kuhamia? Mkinihukumia Lincoln, mhukumieni kwa hapo.

Mleta mada, Morogoro

Wakili, asante, na asante kwa pole. Hilo la kuhama upande limenigusa, sikulitazama kwa jicho lako. Lakini mbili za mwanzo naomba nizijibu.

Kijana wako anayetuhumiwa anajikinga. Dola nzima imemwelekea na uhuru wake uko hatarini. Huyo ana haki ya wakili, hata akiwa mtu mbaya kuliko wote, na wakili anayemsimamia mimi namvulia kitambaa. Matson hakuwa anajikinga na chochote. Yeye ndiye aliyekwenda mahakamani, akiomba mkono wa sheria umrudishie mwanamke na watoto wanne. Wanaoweza kupoteza uhuru ni hao watano. Kuna tofauti kati ya kushika ngao ya mtu na kumnolea mtu upanga, na sidhani kwamba sare ya uwakili inaifuta tofauti hiyo.

Isitoshe, Matson alikuwa na wakili tayari. Linder alikuwepo. Lincoln angekataa, Matson asingebaki peke yake. Na mawakili wa Illinois hawakufungwa na ile kanuni ya mawakili wa Uingereza ya kumpokea kila anayefuata kwenye foleni. Walikuwa wanachagua kazi kila asubuhi pale mlangoni.

Kuna jambo lingine. Lincoln aliacha maandishi aliyoyaandaa kwa ajili ya mhadhara kwa mawakili vijana, ambayo kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 1850. Anawashauri wasichochee kesi na wawashawishi majirani wapatane, na mwisho anasema kwamba kijana akiona hawezi kuwa wakili mwaminifu, basi aamue kuwa mwaminifu bila kuwa wakili. Mtu anayeweza kuandika hivyo alijua kwamba dhamiri haiachwi nje pamoja na farasi.

Mwalimu wa historia, Mombasa

Salaam aleikum wote. Mada nzuri, na niwaongezee mambo mawili, moja litamfurahisha dada na moja litamtatiza.

La kwanza. Mwaka 1841 Lincoln alisafiri kwa meli ya mvuke kwenye mto Ohio pamoja na rafikiye Joshua Speed. Melini mlikuwa na watumwa kama kumi au kumi na wawili waliofungwa pamoja kwa minyororo. Mwaka 1855 alimwandikia Speed barua akimkumbusha safari hiyo, akasema ile taswira ilikuwa mateso ya kudumu kwake. Kwa hiyo alipoingia mahakamani Charleston mwaka 1847, alikuwa ameshaiona minyororo kwa macho yake miaka sita kabla. Na hata nyuma zaidi, Machi 1837, yeye na mwenzake Dan Stone waliandikisha bungeni Illinois kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya. Asiseme mtu kwamba hakujua.

La pili. Mwaka huo huo wa 1841 alisimamia kesi ya Bailey dhidi ya Cromwell kwenye mahakama ya juu ya Illinois. Mtu mmoja, David Bailey, alikuwa amechukua msichana mweusi aitwaye Nance kutoka kwa Nathan Cromwell na kuandika hati ya deni. Cromwell akafariki, na waliosimamia mirathi wakamdai Bailey. Lincoln alisema hati ile ni batili, kwa sababu katika Illinois kila mtu anachukuliwa kuwa huru mpaka mwingine athibitishe vinginevyo, bila kujali rangi yake, na mtu huru hauzwi. Mahakama ikakubali, na Nance akatambuliwa huru. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapigania uhuru wake mahakamani miaka mingi kabla ya Lincoln kutokea.

Sasa dada, tazama vizuri mteja alikuwa nani. Hakuwa Nance. Alikuwa Bailey, mwanamume aliyekuwa hataki kulipa deni! Lincoln alimtoa binti utumwani akiwa anamtetea mdaiwa. Tukimpima wakili kwa wateja, kesi yake nzuri kabisa juu ya utumwa nayo inabaki kesi ya mtu aliyekwepa deni. Kipimo chako kina tundu hapo, na nakuomba ulizibe.

Mchangiaji, Wete, Pemba

Naingia kwa unyenyekevu maana mimi si msomi wa sheria. Niliposoma habari ya Jane kukaa jela siku 48 nilimkumbuka bibi yangu, ambaye alikuwa akituhadithia habari za watu waliotoka utumwani hapa kwetu.

Amri ya Aprili 1897 ya Unguja na Pemba haikusema "watumwa wote wako huru kuanzia leo". Ilifuta hadhi ya utumwa kisheria, lakini mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe akaudai, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Mtu alipaswa atoke kwenye shamba la karafuu, aache kibanda chake ambacho kiko kwenye ardhi ya bwana, asimame mbele ya ofisa aseme: mimi nataka. Fikirini moyo unaohitajika.

Na huyo Lincoln naye, Aprili 1862, alipowaacha huru watumwa wa mji wa Washington, serikali iliwalipa mabwana hadi dola 300 kwa mtumwa mmoja. Kwa hiyo mimi swali langu kwa mawakili wote wawili, wa Arusha na huyo wa Illinois: sheria inapomtaka mnyonge ndiye athibitishe utu wake na mwenye nguvu ndiye afidiwe, wakili mzuri anasimama wapi? Kwetu tuna neno *mwungwana*, maana yake mtu aliye huru. Siku hizi linatumika kwa maana ya mtu mwenye adabu, lakini wazee walijua lilikotoka. Jane Bryant alikuwa akiwaambia majaji neno hilo moja tu.

Mwanafunzi, Dodoma

Shikamooni. Mimi naona mnamwonea. Huyu ndiye aliyetoa tangazo la Januari 1, 1863, la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kesi moja kati ya elfu tano, tena alishindwa! Kwa nini tusimtazame kwa kesi ya 1858 ambapo alimwokoa kijana Duff Armstrong asinyongwe? Shahidi aliapa kwamba aliona mauaji kwa mwanga wa mbalamwezi, Lincoln akatoa almanaka kuonyesha kwamba saa hiyo mwezi ulikuwa chini karibu unatua. Na hakuchukua hata senti kwa mama wa yule kijana.

Mchangiaji, Minnesota

Nawasalimu kutoka ughaibuni. Naishi mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka mji wa Mankato, kwa hiyo nina la kuongeza, na ninahofu litamsaidia wakili wa Arusha kuliko mleta mada.

Mwaka 1862 Wadakota, wenyeji wa ardhi hii, walipigana na walowezi na jeshi. Chakula na malipo waliyoahidiwa kwenye mikataba vilikuwa vimechelewa na watu wanakufa njaa. Baada ya vita tume ya kijeshi iliwahukumu kifo wanaume 303. Baadhi ya kesi zilichukua dakika chache tu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na wakili.

Majalada yakaletwa kwa Rais Lincoln. Gavana na magazeti walimtaka awanyonge wote. Yeye akaagiza kumbukumbu za kesi zipitiwe moja moja, akitafuta waliothibitishwa kuua raia au kubaka, na kuwatenga na walioshiriki vitani tu. Akaidhinisha 39, mmoja akaahirishiwa. Desemba 26, 1862, watu 38 walinyongwa Mankato kwa pamoja, na mpaka leo hakuna siku nyingine Marekani iliponyonga watu wengi hivyo kwa mara moja.

Kila mwaka Desemba Wadakota wamekuwa wakiwakumbuka. Nimesimama pale kwenye baridi. Huwezi kusimama pale ukasema "aliwaokoa zaidi ya 260" na ukaishia hapo. Pia huwezi kusahau kwamba tabia ya kufungua jalada na kuuliza ushahidi uko wapi, aliipata kwenye zile mahakama za matope huko Illinois. Watu wale walikosa jambo moja ambalo Matson alilipata kwa urahisi: mtu wa kuwasemea. Ndiyo maana naogopa kanuni yoyote itakayomfanya wakili asite.

Mleta mada, Morogoro

Nimekaa siku mbili bila kujibu kwa sababu nilihitaji kufikiri. Mchango wa Minnesota nimeusoma mara tatu.

Mwalimu wa Mombasa, tundu umelionyesha na ni kweli lipo. Nilikuwa nimesema wakili apimwe kwa mteja na kwa upande aliosimama. Kesi ya Nance inakataa. Kwa hiyo narekebisha. Naomba tuitazame hoja aliyoitoa mdomoni mwake. Kwa Bailey, Lincoln alisema mbele ya mahakama kwamba kila mtu ni huru mpaka ithibitishwe vinginevyo, na sentensi hiyo ilibaki kwenye sheria ya Illinois hata baada ya Bailey na deni lake kusahauliwa. Kwa Matson aliiomba mahakama ikubali kwamba mtu anaweza kulala, kuamka, kulima na kulea watoto kwenye ardhi huru miaka miwili na bado abaki mali, mradi bwana wake alikuwa na nia ya kumrudisha. Majaji wangekubali, kila mwenye shamba wa Kentucky angeweza kufanya utumwa Illinois kwa kubadilisha watu kila msimu. Wakili anayeomba sheria mpya anaomba kwa niaba ya wote watakaokuja baada ya mteja wake. Hilo ndilo ninalomhesabia, na nadhani hapo kijana wa Arusha anayetuhumiwa ubakaji hayumo, maana wakili wake haombi kwamba ubakaji uhalalishwe.

Mwanafunzi wa Dodoma, mdogo wangu, haki yake nampa. Na kwa kuwa umetaja mwaka 1858, turudi Charleston. Ni mji ule ule. Septemba 18, 1858, Lincoln alisimama pale kwenye mdahalo wa nne na Stephen Douglas, akigombea useneti. Akawaambia watu kwamba hakubali na hajawahi kukubali usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na weusi, wala hataki weusi wapige kura, wakae kwenye baraza la wazee wa mahakama, wala washike madaraka. Alikuwa anaomba kura na alijua anaongea na nani. Mji uliomsikia akisema Jane ni mali ndio ukamsikia akisema Anthony asipige kura.

Halafu kuna Aprili 11, 1865. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini vimekwisha kule Virginia, amesimama dirishani Ikulu anahutubia umati, na anasema kwamba angependa baadhi ya weusi wapewe kura, wale wenye akili sana na wale waliopigana kama askari. John Wilkes Booth alikuwa kwenye umati ule, na siku tatu baadaye akampiga risasi. Aliuawa akiwa amefika mahali ambapo mwaka 1858 alipakataa hadharani. Mimi hilo linanipa heshima kwake, heshima ya kweli kabisa. Alibadilika kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kungoja abadilike: watoro waliovuka mistari ya jeshi kwa maelfu, askari weusi, na kabla yao wote watu kama Anthony, aliyewachukua mkewe na wanawe usiku kukimbilia kwa mwenye nyumba ya wageni.

Kwa hiyo kwa wanasiasa wetu mawakili ninaomba kitu kimoja. Mtu akija kuniomba kura, asiniambie ile ilikuwa kazi. Aniambie alisema nini mahakamani siku ile, na kama leo bado anaamini. Sijaona popote ambapo Lincoln alimweleza mtu kwa maandishi kesi ya Matson. Yeye hatuwezi kumuuliza tena. Hawa wetu tunaweza.

Wakili, Arusha

Dada, hapo umenisogeza. Hoja mdomoni mwa wakili, siyo mteja: hilo naweza kuishi nalo. Nitaongeza sharti moja. Wakili hawezi kuulizwa siri za mteja, hata kwenye jukwaa la kampeni, na akikataa kuzitoa asihesabiwe mwoga. Lakini alichokisema mahakamani hadharani kimeandikwa kwenye mwenendo wa kesi, na hicho si siri.

Bado sikubaliani nawe kwamba Lincoln alipaswa kukataa. Ningekuwa mimi mwaka ule, tayari nimeshampa Linder neno langu, nadhani ningesimama kama alivyosimama, na usiku ningelala vibaya. Nimeshalala hivyo mara kadhaa.

Mleta mada, Morogoro

Asante kaka. Hilo la siri nalikubali.

Jana jioni nilimsomea mama mjadala wote, maana macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Habari za rais hazikumshughulisha. Aliuliza jambo moja tu: "Huyo Jane, zile siku arobaini na nane za jela, alilipwa na nani?"

Nikamwambia hakulipwa. Walipata uhuru wao, wakaondoka Illinois, wakapanda meli kwenda Liberia.

"Na watoto wote wanne?"

Nikamwambia ndiyo, walikuwa familia.